Acha Kitanda Kimoja Wazi: Mwongozo Kamili wa Kufundisha Udongo na Tabianchi Katika Bustani ya Shule

Shule nyingi zina bustani, lakini bustani zinazofundisha ni chache. Watoto hupewa majembe, hulima, humwagilia na kuvuna, kisha huingia darasani kusoma sura ya udongo kana kwamba ile ardhi waliyoishika asubuhi ni kitu kingine kabisa. Juhudi ipo. Kinachokosekana ni ulinganisho na daftari. Mtoto aliyeona kitanda kimoja cha mboga zilizostawi ameona mboga tu. Aliyeona vitanda viwili vilivyopandwa siku moja, kimoja kimenawiri na kingine kimedumaa, ataanza kuuliza bila kuulizwa.

Ndiyo maana mwongozo huu unasimama juu ya jambo moja: acha kitanda kimoja wazi mwaka mzima, bila mmea wala matandazo. Mimi nililijua hili nimechelewa. Bustani yangu ya kwanza na watoto ilipendeza kweli, kila kitanda kimefunikwa nyasi kavu. Mwisho wa muhula nikawauliza kwa nini tulitandaza zile nyasi. Wakanijibu, "Kwa sababu mwalimu ulituambia." Walikuwa wametii, hawakuwa wamejifunza. Muhula uliofuata tukaacha kitanda kimoja wazi, na mvua kubwa ya kwanza ikawaonyesha kwa nusu saa kile nilichokuwa nimekisema kwa miezi mitatu.

Mwongozo unawafaa watoto wa miaka 8 hadi 14. Wadogo wataangalia, watashika na kuchora. Wakubwa watapima na kukokotoa. Shughuli ni zilezile.

Kabla ya jembe kugusa ardhi

Chagua mahali panapopata jua la moja kwa moja kwa saa 6 hivi kwa siku, karibu na maji, na pale ambapo watoto hupita kila siku. Bustani iliyofichwa nyuma ya majengo husahaulika ndani ya wiki chache. Mteremko kidogo si kasoro. Utakusaidia baadaye kuonyesha maji yanavyokimbia.

Kuna sehemu za kuepuka kabisa. Kando ya kuta za majengo ya zamani yanayobanduka rangi, sehemu palipowahi kutengenezwa magari na palipowahi kutupwa taka, udongo unaweza kuwa na madini ya risasi. Risasi hukaa ardhini miaka mingi na hudhuru ubongo wa mtoto. Ukiwa na shaka, peleka sampuli maabara ya udongo au tumia masanduku ya mbao yaliyojazwa udongo uliotoka mahali salama.

Kanuni za usalama ziwe chache na zifuatwe kila siku: viatu vilivyofunika vidole, vidonda vifungwe, reki ilazwe meno yakitazama chini, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kutoka bustanini. Dawa za kuua wadudu zisiingie humo. Samadi mbichi nayo ina vimelea vya magonjwa. Ikiwa lazima uitumie, iingie ardhini angalau siku 120 kabla ya kuvuna mazao yanayogusa udongo, na siku 90 kwa yale yasiyougusa. Kwa shule ni heri kutumia mboji iliyoiva.

Na jambo moja nalisema kwa uzito wote: kazi ya bustani isiwe adhabu. Mtoto aliyetumwa kupalilia kwa sababu alichelewa kufika shuleni atauchukia udongo kabla hajaujua. Tafuteni adhabu nyingine, au msiwe nayo.

Vitanda vitatu vya kulinganisha

Pima vitanda vitatu sambamba, kila kimoja mita 1 kwa 2. Upana wa mita 1 humwezesha mtoto kufika katikati kwa mkono bila kukanyaga ndani. Njia kati ya vitanda iwe na sentimita 60, au zaidi ya 90 kama kuna mtoto anayetumia kiti cha magurudumu. Vitatu vyote vilimwe siku moja, kwa kina kimoja.

Kitanda A kibaki wazi. Magugu yake yang'olewe kwa mkono yakiwa machanga, bila kutibua udongo. Kitanda B kipandwe bila matandazo. Kitanda C kipandwe mmea uleule, kwa nafasi ileile na kwa maji yaleyale, kisha kifunikwe nyasi kavu au majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 8, bila kugusa mashina. Kati ya B na C tofauti ni moja tu. Waeleze watoto sababu: tukibadilisha vitu viwili kwa pamoja, hatutajua kipi kimeleta mabadiliko. Ukiwa na nafasi, ongeza D chenye mmea na mboji, bila matandazo.

Kuufahamu udongo kwa jicho na kwa vidole

Anza na chupa. Kila kikundi kichukue chupa angavu yenye pande zilizonyooka, kiijaze theluthi moja udongo mkavu uliopondwa na kuondolewa mawe na mizizi. Waongeze maji hadi karibu na mdomo na matone machache ya sabuni ya maji, ambayo husaidia chembe zisishikane. Wafunge na kutikisa kwa dakika 5 wakipokezana. Chupa iwekwe mezani na isiguswe tena.

Hapo waambie wanyamaze na watazame. Kabla dakika moja haijaisha, mchanga umeshatua chini. Atakayeshika kalamu aweke alama haraka. Baada ya saa mbili weka alama ya pili, juu ya tabaka la chembe laini kama unga. Ufinyanzi hukawia. Kesho yake, pengine keshokutwa, utakuta umetanda juu kama utando wa krimu, huku maji bado yana ukungu na vipande vya majani na mizizi vinaelea. Vile vinavyoelea ni mabaki ya viumbe, navyo watavikuta tena kwenye mboji.

Sasa rula. Tuseme tabaka zote zina milimita 60: mchanga 30, zile chembe za unga 18, ufinyanzi 12. Hiyo ni asilimia 50, 30 na 20, yaani udongo tifutifu, ambao mkulima yeyote angefurahi kuupata. Asilimia zinazowasumbua ubaoni watoto huzielewa hapa, kwa kuwa zinahusu ardhi yao.

Tofauti ya ukubwa ioneshwe uwanjani. Punje ya mchanga ni kati ya milimita 2 na 0.05, chembe ya ufinyanzi iko chini ya 0.002. Mpe mtoto shanga ya sentimita 1 umwambie huu ndio ufinyanzi. Kisha chukua kamba, chora chini duara lenye upana wa mita 5: hii ndiyo punje ya mchanga ya milimita 1. Darasa zima likisimama ndani ya duara hilo huku mmoja kashika ile shanga, huna haja ya kueleza sana kwa nini maji hupita upesi mchangani na kukwama kwenye ufinyanzi.

Halafu vidole. Lowesha udongo kiganjani, ufinyange mpaka ulainike, kisha usukume kati ya dole gumba na kidole cha shahada utoke kama utepe. Ukikatika kabla ya sentimita 2.5, ufinyanzi ni kidogo. Ukifika kati ya 2.5 na 5, ni wa wastani. Ukipita 5, mmeshika udongo wa mfinyanzi hasa. Watoto hushindana kwa hili hadi kengele igonge, nami huwaacha.

Jaribio la mwisho la siku: chukua bonge kavu kutoka bustanini na lingine kutoka sehemu iliyokanyagwa sana. Yaweke juu ya vipande vya wavu ndani ya glasi mbili za maji. Yote mawili yatatoa mapovu, na mapovu hayo ni hewa. Katika udongo mzuri wa bustani karibu nusu ya ujazo ni nafasi tupu, wanazogawana maji na hewa. Kisha tazameni lipi linabaki zima na lipi linamomonyoka kuwa uji. Bonge lenye mizizi, kuvu na mboji hushikana. Lililokosa uhai huanguka.

Uchachu wa udongo hauhitaji muda mrefu. Karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha uchachu, zinatosha. Mboga nyingi hupenda kati ya 6 na 7. Kama hamna karatasi, maji yaliyochemshiwa kabichi ya zambarau hugeuka mekundu kwenye asidi na ya kijani kwenye alikali.

Wakazi wa ardhini na lundo la mboji

Chimbeni shimo la sentimita 20 kila upande katika kila kitanda, mwagieni udongo wake juu ya shuka jeupe, hesabuni mlichokikuta: nyungunyungu, jongoo, mchwa, mabuu, mizizi. Kila kiumbe kirudi kwake baada ya kuandikwa. Fanyeni hivyo udongo ukiwa na unyevu, kwa maana wakati wa kiangazi nyungunyungu hushuka chini sana na watoto watadhani hakuna. Mtoto akikunja uso, mweleze kwamba mwanasayansi Charles Darwin aliwachunguza nyungunyungu kwa miaka mingi, akachapisha matokeo yake mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufa. Hakuona kwamba amepoteza muda.

Lundo la mboji liwe na karibu mita 1 kila upande. Likiwa dogo zaidi halishiki joto. Panga tabaka: sehemu mbili au tatu za vitu vikavu (majani makavu, mabua, karatasi isiyo na rangi) kwa sehemu moja ya vibichi (nyasi mbichi, maganda ya matunda na mboga). Nyama, mafuta na maziwa havifai, huita panya. Unyevu uwe kama wa sifongo iliyokamuliwa. Ukikosea kipimo, lundo lenyewe litakwambia. Likinuka uozo, limezidi maji au vibichi, basi ongeza vikavu na geuza. Likipoa na kukaa tu bila kubadilika, ongeza vibichi na maji.

Choma fimbo ya chuma katikati ya lundo, iache dakika 10, ichomoe. Mtoto aiguse kwa tahadhari. Lundo linalofanya kazi hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selisiasi, na joto hilo lote linatoka kwa bakteria wanaokula. Nimeona watoto wakirudisha mkono haraka na kutazamana kabla ya yeyote kusema neno.

Siku hiyohiyo fukieni vipande vya kitambaa cheupe cha pamba tupu, kimoja katika kila kitanda, kina cha sentimita 10 hadi 15, na kijiti cha kuonyesha mahali. Vifukuliwe baada ya miezi miwili. Palipo na uhai mwingi kitambaa kitakuwa nyavunyavu. Pasipo na uhai kitatoka karibu kizima.

Daftari la mvua na joto

Hii ndiyo sehemu inayochosha, na ndiyo yenye thamani kubwa. Kila siku, saa ileile, watoto wawili wa zamu waandike: mvua, joto la hewa, joto la udongo wa kila kitanda, mawingu, upepo. Zamu ibadilike kila wiki.

Kipimamvua hutengenezwa kwa chupa ya plastiki yenye pande zilizonyooka. Ikate chini ya bega, pindua kipande cha juu kiwe faneli, weka kokoto chini isianguke, jaza maji hadi kokoto zifunikwe na uchore hapo mstari wa sifuri. Kiwekwe mbali na miti na kuta, umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa miti au kuta hizo. Kipimajoto cha hewa kikae kivulini, mita 1.2 hadi 1.5 kutoka ardhini. Cha udongo kichomekwe sentimita 10, mara mbili kwa siku: asubuhi, na saa nane mchana.

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Mvua ya milimita 12 imekiletea kila kitanda lita 24. Je, paa la darasa lenye mita za mraba 80? Lita 960, kwa mvua moja ambayo watu wazima wangeiita ya kawaida. Mwache mtoto apige hesabu mwenyewe, kisha mwulize maji hayo yamekwenda wapi.

Kwenye joto la udongo, kitanda A kitaanza kuzungumza ndani ya siku chache za jua. Mchana kitakuwa na joto kuliko C, usiku kitapoa zaidi. Uso wa udongo mtupu katika jua kali unaweza kupita nyuzi 50. Weka kiganja chako kwanza, kisha waruhusu waweke vyao, mmoja A na mwingine chini ya nyasi za C.

Mvua ya mkebe

Usisubiri mawingu. Chukua chupa tatu za lita 2, zilaze, kata dirisha refu ubavuni. Jaza udongo uleule. Ya kwanza ibaki tupu, ya pili ifunikwe majani makavu, ya tatu iwe na nyasi zilizooteshwa wiki tatu au nne kabla, kwa hiyo panga mapema. Ziinamishe kidogo, midomo ikitazama chini, na kila mdomo uwe na glasi yake. Toboa matundu madogo chini ya mkebe, mwaga nusu lita juu ya kila chupa kutoka kimo cha sentimita 30.

Kutoka chupa tupu maji hutoka upesi, mengi, rangi ya tope. Kwenye majani hutoka kwa kusitasita, yamepauka. Kwenye nyasi hudondoka taratibu, pengine baada ya mtoto kuuliza kama mlimwaga kweli. Pimeni ujazo wa kila glasi, kisha ziacheni dirishani hadi kesho yake zitue na mpime tope kwa rula. Udongo huo uliotua glasini ni ule ambao ardhi hutumia mamia ya miaka kuutengeneza hata sentimita chache.

Kwa nini majani makavu, yasiyo na mizizi, yameweza kuuzuia? Simamisha karatasi nyeupe ukingoni mwa kitanda A na nyingine ukingoni mwa C, umwagilie vyote kwa mkebe ukiwa umesimama. Ya A itajaa madoa ya tope, mengine juu kuliko goti la mtoto. Tone kubwa la mvua halisi hugonga ardhi kwa mwendo wa karibu mita 9 kwa sekunde. Hupasua bonge, hurusha chembe, na zile ndogo huziba matundu. Maji yanayofuata hayana pa kuingilia. Jani kavu hupokea kipigo hicho kwa niaba ya udongo.

Hili la kuziba litapimika. Tafuta kopo lililotobolewa pande zote mbili, upana sentimita 15, lizamishe ardhini nusu yake na umimine mililita 440 za maji. Ni sawa na mvua ya milimita 25. Saa ianze, isimame maji yakizama. Rudieni kwenye kila kitanda na kwenye njia inayokanyagwa. Matokeo yaandikwe yalivyo, hata yasipowiana na mlichotarajia. Udongo uliokuwa mkavu au mbichi zaidi unaweza kubadilisha kila kitu, na hilo nalo ni somo.

Mmea unakula nini?

Kwa vitanda B na C chagua mmea wa jamii ya mikunde, maharage kwa mfano. Huota upesi, na mizizi yake ina siri. Baada ya wiki tano au sita ng'oa mmea mmoja kwa uangalifu pamoja na udongo wake, uuoshe taratibu kwenye ndoo. Utaona vinundu vidogo kama vichwa vya pini. Kata kimoja kwa wembe, wewe mwenyewe, na uwape watoto kioo cha kukuzia. Ndani kikiwa na wekundu, bakteria waliomo wanafanya kazi ya kuchukua naitrojeni ya hewani, ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta, na kuipa mmea. Kikiwa cheupe au kijani, hawafanyi kazi.

Kisha uliza swali ambalo mimi naliuliza kila mwaka bila kuchoka: huu mwili wote wa mmea, shina na majani, umetoka wapi? Karibu wote watasema udongoni. Wasimulie habari ya mwanasayansi wa zamani Jan Baptist van Helmont, aliyepanda mche wa mti wenye kilo 2 na kidogo kwenye chombo chenye kilo 90 za udongo mkavu, akawa anaumwagilia maji tu. Baada ya miaka 5 mti ulikuwa na kilo 77 hivi, na udongo ulipungua gramu 57 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1648. Yeye alihitimisha kwamba mti wote ni maji. Waulize watoto alichokisahau ni nini, na usiwajibu siku hiyo.

Jibu ni hewa. Majani hunasa hewa ukaa, na kwa nguvu ya jua huunganisha kaboni yake na maji kuwa sukari, kisha shina, mizizi na majani. Mmea ukifa, sehemu ya kaboni hiyo huingia udongoni kama mboji, nyingine hurudi hewani viumbe wanapoula. Hapa ndipo udongo na tabianchi vinapokutana, na watoto wameshashika kila kipande: vile vilivyoelea kwenye chupa, joto la lundo, kitambaa kilicholiwa.

Kutoka hali ya hewa hadi tabianchi

Watoto wakubwa sasa wako tayari. Hali ya hewa ni kile walichoandika leo. Tabianchi ni wastani na mwenendo wa miaka mingi, na wataalamu hutumia kipindi cha miaka 30. Daftari la muhula mmoja haliwezi kuthibitisha kwamba tabianchi imebadilika, na mwalimu asithubutu kudai hivyo kwa sababu ya wiki moja ya joto. Tafuteni takwimu za muda mrefu za idara ya hali ya hewa mlinganishe na zenu. Watoto wawahoji pia wazee: mvua zilianza lini walipokuwa wadogo, ni miti gani haionekani tena.

Takwimu za dunia zitajwe chache, zieleweke. Mwaka 1958 mwanasayansi Charles David Keeling alipoanza kupima hewa ukaa juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii, ilikuwa sehemu 315 hivi katika kila milioni ya hewa. Sasa imepita 420. Na udongo wa dunia umehifadhi kaboni nyingi kuliko hewa na mimea yote ya nchi kavu vikijumlishwa, ndiyo maana kuulima ovyo na kuuacha wazi kuna uzito.

Naomba usiwaambie watoto kwamba bustani yao inaokoa dunia. Si kweli, na siku watakayogundua watajihisi wamedanganywa. Pia usiwajaze hofu wasiyo na la kuifanyia. Waonyeshe kinachowezekana kwa jaribio la ukame: acheni kumwagilia B na C kwa siku tano za jua. Chukueni gramu 100 za udongo kutoka kina cha sentimita 10 katika kila kitanda, zianikeni hadi uzito usipungue tena, mpime. Kilichopungua ni maji. Halafu tazameni majani ya mimea saa nane mchana, yapi yamelegea na yapi yamesimama. Mwagilieni mara moja baada ya kuandika.

Likizo na makabidhiano

Bustani nyingi hufia likizoni. Kabla ya kufunga, ongeza matandazo kwenye kitanda C, panga zamu za familia zinazoishi karibu, na panda vitu vitakavyovunwa shule ikiwa wazi. Kitanda A hakihitaji mlinzi. Kitakuwa na la kusema mtakaporudi: nyufa, ukoko mgumu juu, vijito vilivyochimbwa na mvua. Kipigeni picha kutoka pembe ileile kila mwezi.

Mwisho wa mwaka daftari lisirudi nyumbani na mtoto yeyote wala lisifungiwe kabatini. Darasa linaloondoka lilikabidhi kwa linaloingia, bustanini, wote wamesimama kando ya vitanda. Katika ukurasa wa mwisho waandike maswali matatu ambayo hawakuyapatia jibu. Darasa moja liliandika: "Kwa nini kitambaa cha kitanda B kililiwa upande mmoja tu?" Walioingia hawakuomba majembe siku hiyo. Waliuliza kile kijiti kiko wapi.